Picha za Mpaka wa Bondeni

Mwenyekiti wa baraza alizitazama simu mbili zilizowekwa mezani, akavua miwani, akaivaa tena, kisha akazisukuma zote zikarudi kwa wenyewe.

"Kwenye hii, mlango wa maji uko upande wa Mama Loth. Kwenye hii, uko upande wa Mama Blessing. Mlango ni mmoja na masale, mimea yenu ya mpaka, ni yaleyale. Basi moja ya picha hizi imechezewa, na mimi sijui ni ipi. Mwezi uliopita mtu alituonyesha nyumba ya bati jekundu kwenye simu. Kufika huko, shamba la mihogo. Picha za simu hapa basi."

"Njoo mwenyewe uone, Mwenyekiti," alisema Asteria, ambaye wengi walimwita Mama Blessing. Alikuwa amesimama tangu kikao kianze ingawa benchi lilikuwa na nafasi. "Bondeni si mbali."

"Goti hili unaliona?" Bwana Habibu alilipapasa goti lake kana kwamba ni mtoto mgonjwa. Alikuwa bwana mifugo mstaafu, mzaliwa wa Kwakoa, mtu wa tambarare aliyepandishwa milimani na kazi akabakizwa na ndoa. "Hiyo njia yenu hata mbuzi huishuka kwa makalio."

"Wajumbe wako wana magoti."

"Wajumbe wangu wana ndugu, mama. Huyu ni shemeji yako. Huyu Mama Yudith anaimba kwaya moja na Mama Loth. Nikiwatuma watarudi na mipaka miwili." Watu walicheka. Bwana Habibu hakucheka. "Nani hapa ana kamera ya mkanda? Ile ya zamani, inayotoa negativu?"

Vichwa viligeuka vyote kuelekea mlangoni, alikokaa Melkizedeki na kofia yake magotini. Kwa miaka mingi harusi, vipaimara na misiba ya Chome na vijiji vya jirani vilipita ndani ya kamera yake ndogo ya mfukoni. Sasa kila mtu alikuwa na simu, na kamera ililala kabatini pamoja na Biblia ya baba yake.

"Huyo ni mume wa Mama Loth," alisema shemeji wa Asteria.

"Namjua ni mume wa nani."

"Apige," alisema Asteria. "Mimi nakubali. Baba Loth alinipiga picha siku ya ndoa yangu, akapiga na jeneza la mume wangu. Kwa mengine simsemei. Kwa kamera hajawahi kumdanganya mtu."

Esta, mke wa Melkizedeki, alikuwa akihesabu vifungo vya blauzi yake kwa vidole. Alisema naye anakubali.

Bwana Habibu aliamuru mkanda uletwe mzima, usikatwe, na picha zake zote, nzuri na mbaya. Mlango wa maji ni wa yule ambaye masale yanauacha upande wake, na mwenye mlango wa maji ndiye anayenyweshea kwanza maji ya ndiva, bwawa la kijiji, yanapofunguliwa. Wengine husubiri kinachobaki. Wakati wa kiangazi hakibaki kitu.

*

"Utapiga kwa macho gani?" Esta aliuliza walipofika nyumbani.

Swali lilikuwa la haki. Melkizedeki alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Aliona watu kama wamesimama nyuma ya pazia la chandarua, na alimtambua mtu kwa mwendo wake kabla ya sura. Bondeni alikuwa hajashuka tangu macho yaanze kumwacha. Shamba lilikuwa la Esta. Hata macho yalipokuwa mazima lilikuwa la Esta.

"Kamera ina macho yake," alisema. "Ukibonyeza nusu, inapima yenyewe. Ikikamata, taa ya kijani inawaka pembeni. Taa naiona."

"Basi piga picha moja ya mbali, yote yaonekane, tumalize."

"Ya mbali haionyeshi kitu. Masale ni membamba. Ukiilenga kamera katikati bila kuangalia, inapita kwenye upenyo na kupima mlima wa nyuma. Mlima unatoka mkali, masale yanatoka kama moshi."

"Hayo masomo utamfundisha Habibu." Lakini aliingia ndani, akatoka na noti zilizokunjwa, pesa za kabichi. "Nenda Same Jumamosi ukatafute mkanda. Na betri."

Melkizedeki alizipokea bila kuamini. Mke wake hakuwahi kumpa pesa za kamera bila kwanza kumkumbusha kila betri aliyowahi kununua na kila mwaka ambao harusi zilimrudisha nyumbani na kipande cha keki kwenye karatasi. Aliziweka mfuko wa ndani wa koti, akamshukuru kama anavyoshukuru mgeni.

*

Studio ya Salimu, karibu na stendi ya Same, ilikuwa imebaki studio kwa jina tu. Mbele walitoa kopi na kutuma pesa; nyuma kulikuwa na kiti kimoja na shuka la buluu kwa picha za pasipoti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Salimu. Mkanda."

Salimu alicheka mpaka msichana wa kopi akageuka. "Mzee Melki, umechelewa. Sasa hivi mkanda wanautaka wazungu na watoto wa Dar wanaojifanya wazee." Alifungua friji, akasogeza chupa za juisi ya ukwaju, akatoa kopo dogo lililofungwa kwenye nailoni. "Huu ni wa marehemu baba. Umepitwa na tarehe tangu hata hatujaingiza mashine ya kopi. Sikuweza kuutupa. Uchukue, ila nisije nikalaumiwa."

Melkizedeki aliuleta karibu na pua, akausoma. Mkanda uliozeeka hupoteza nguvu. Unaupa mwanga wa kawaida, unakurudishia picha zenye giza na vumbi la zambarau. Kamera yake haikuwa na pa kubadilisha chochote, ilijisomea yenyewe nguvu ya mkanda kwenye vibati vya kopo. Kwa hiyo ilibidi idanganywe.

"Nipe selotepu nyeusi."

Alivifunika vibati vyote, akalainisha kwa ukucha. Kamera isipoweza kusoma huchukulia kwamba mkanda ni mzito, nayo huuachia mwanga maradufu.

"Hicho kitu baba alikuwa anafanya," alisema Salimu taratibu. "Ukimaliza niletee. Nitautuma Dar kwa basi, kuna kijana anasafisha. Hizo pesa za mkanda rudisha mfukoni. Utalipa ya kusafisha tu."

Akiwa ndani ya gari la abiria kupanda mlima jioni ile, Melkizedeki alijisikia mtu mwenye kazi. Alisugua lenzi kwa kitambaa cha pamba kavu, akapulizia, akasugua tena. Karibu na njia panda pikipiki iliwapita ikishuka, na dereva wa gari akasema, "Si Loth huyo?" Melkizedeki alisema haiwezekani, Loth yuko Same na bodaboda yake, angekuja nyumbani, angemngoja baba yake.

*

Jumapili asubuhi Esta, ambaye hakuwahi kukosa ibada hata siku aliyofiwa na mama yake, alisema leo Mungu atawaelewa.

"Ukungu unafunguka. Na Asteria yuko Misa, hatutasikia kelele zake."

Walishuka, yeye mbele, mume amemshika bega. Mahali njia ilipogawanyika Melkizedeki alisimama akapapasa shina la mti, akapata manyoya ya utando uotao kwenye gome, upande mmoja. Watoto wa huko hufundishwa hivyo kabla hawajaanza shule: ukipotea kwenye ukungu, papasa shina; penye manyoya ndiko msituni Shengena, unakotoka unyevu.

"Tunaelekea sawa," alisema.

"Kwani mimi nakupeleka wapi?"

Maji ya mfereji yalisikika karibu kuliko alivyokumbuka. Alidhani ni masikio yaliyochukua kazi ya macho. Esta alimsimamisha.

"Hapo mbele yako ndiyo masale. Mlango wa maji uko huku, upande wetu. Unaona?"

Aliona safu ya kijani kibichi na nyuma yake weupe. Alinyoosha mkono. Esta aliudaka.

"Usiyaguse. Yana siafu."

Mwanga ulikuwa mwanga ambao angeuomba: jua lipo ila limefunikwa, hakuna kivuli kikali, majani hayang'ai. Alizima flashi, kwa sababu kamera ile kila ukiiwasha hujiwashia flashi yenyewe, na flashi kwenye ukungu hukurudishia ukuta mweupe. Alibana viwiko mbavuni. Aliweka alama ya katikati juu ya shina la kwanza, akabonyeza nusu, akangoja taa ya kijani, akaizungusha kamera kidogo ili mlango wa maji uingie, akatoa pumzi, akabonyeza.

"Umemaliza," alisema Esta.

"Bado. Nataka shina moja moja."

"Za nini? Habibu hataki mashina, anataka mpaka."

"Mpaka ni mashina, Esta. Nikimpelekea majani atasema ni migomba."

Alipiga hatua mbele, akapiga nyingine, akasogea tena mpaka mahali ambapo kamera ilikataa kuwasha taa kwa ukaribu, akarudi nyuma kidogo ikakubali. Kila shina alilipiga mara mbili, maana mkono wa mzee unaweza kutetemeka mara moja. Esta alikaa juu ya jiwe akimtazama. Mkanda ulipofika mwisho na kuanza kujirudisha kwa mlio wake mwembamba, mke alinyanyuka akasema kwa sauti ya chini, "Kama ungelilima hivyo unavyopiga."

*

Asteria alikuja Jumatatu. Hakuingia. Alisimama uani, kanga yake imelowa umande hadi magotini.

"Baba Loth! Mke wako amehamisha masale."

Esta alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Toka na uwendawazimu wako."

"Siongei na wewe. Naongea na mwenye kamera. Jumamosi asubuhi yalikuwa ng'ambo ya mlango. Leo nimeyakuta huku. Nani ang'oe isale, Mungu wangu? Hata mwizi haling'oi. Wazee waliyapanda wakiwa wameyashika pande zote mbili."

"Mambo ya kipagani hayo," alisema Esta. "Isale ni jani."

Melkizedeki alinyanyuka kutoka kwenye kigoda. Hasira yake ilikuwa ya kweli; mke wake alikuwa ametukanwa uani kwake. "Mama Blessing, mimi mwenyewe nimeyapiga picha. Shina moja moja. Mkanda uko njiani. Wewe ulikubali mbele ya baraza, sivyo?"

"Nilikubali."

"Basi picha itakujibu."

Asteria alimtazama machoni, kwenye ule weupe wake. Akasema, "Haya. Nangoja jibu," akaondoka.

*

"Hii ni kali kama wembe," Salimu alisema, akizipanga picha juu ya meza ya kopi. Alikuwa ameagiza zitolewe kubwa, ukubwa wa daftari, na nyongeza aliilipa mwenyewe. "Sikudhani. Nilisema utatoka na uji. Hebu ona hii, hata mishipa ya jani inahesabika. Mzee Melki, mkanda wa marehemu huu!"

Melkizedeki alizisogeza dirishani. Kwa karibu, kwenye mwanga, na kioo cha kukuzia ambacho Salimu alikitumia kusoma namba za vitambulisho, aliweza kuona. Alianza kama anavyoanza siku zote, kwenye pembe, kutafuta kama picha imetikisika. Haikutikisika. Majani yalikuwa na rangi yake. Weupe wa nyuma haukuungua. Giza la chini halikuzama; kokoto zilionekana.

Halafu alifika kwenye mashina.

Shina la kwanza lilikuwa na utando wa kijivu upande wa kulia. La pili lilikuwa nao kushoto. La tatu lilikuwa nao mbele, umeielekea kamera kama ndevu. Kwenye la nne haukuonekana kabisa, ulikuwa umegeukia nyuma. Alilipitia kila moja, kisha akarudia kwenye picha ya pili ya kila shina, ile aliyoipiga kwa ajili ya mkono kutetemeka. Mkono haukuwa umetetemeka hata mara moja. Chini, majani makavu yalikuwa yametandazwa kuzunguka kila shina, na palipo na upenyo kati ya majani, udongo ulikuwa mwekundu, wenye unyevu, wa juzi.

Masale yaliyoota mahali pamoja kwa umri wa watu watatu yana manyoya upande mmoja.

"Vipi? Kuna kasoro?" Salimu aliuliza.

"Hakuna."

"Basi cheka kidogo, fundi."

Melkizedeki alikigeuza kioo mkononi. "Salimu, mkanda uliopitwa na tarehe ukifa, kuna mtu atashangaa?"

"Nani ashangae? Mimi mwenyewe nilitegemea ufe." Salimu aliacha kutabasamu. "Lakini haukufa, mzee. Umetoka safi."

"Ndiyo. Umetoka safi."

Aliifunga bahasha, mkanda mzima ndani yake.

*

Alimkuta Esta akimenya viazi. Aliweka bahasha kwenye meza, akakaa.

"Mlifanya siku ile niliyokwenda Same. Wewe na Loth."

Kisu kilisimama, kikaendelea. "Nani kakwambia?"

"Manyoya. Kila shina linaangalia upande wake."

Esta alimaliza kiazi kile, akakitupa kwenye sufuria ya maji. "Nilikwambia piga ya mbali."

"Na ile picha ya simu?"

"Ile Loth aliichezea. Alisema siku hizi hakuna anayejua. Habibu alipozikataa ikabidi shamba lifanane na picha." Alifuta mikono kwenye kanga, sasa akamtazama. "Sasa nisikilize na wewe, maana miaka yote hii hukunisikiliza. Mwaka ule wa mvua nyingi Vitus wa Asteria aliyahamisha. Asteria anajua. Nilishuka bondeni na mimba ya Loth nikayakuta yamevuka mlango wa maji, yamefukiwa majani makavu, vilevile. Nilikuja kukwambia. Unakumbuka ulikuwa wapi?"

Hakukumbuka.

"Ulikuwa unapiga harusi. Ulisema, nitazungumza na Vitus. Ukamwita, akaja, mkanywa chai, ukampiga picha. Mimi nikaanza kuomba maji. Nimeomba maji kwa Vitus, akafa, nikaomba kwa mjane wake. 'Ngoja nimalize, Mama Loth.' 'Leo hayatoshi, Mama Loth.' Maji ya baba mkwe wangu! Nimeyarudisha yalipokuwa."

"Una ushahidi?"

Esta alicheka kicheko kifupi, kibaya. "Ushahidi? Mimi? Mume wangu ndiye aliyekuwa na kamera. Umewapiga watu wote wa mlima huu. Umepiga ng'ombe wa mchungaji. Shamba lako hukulipiga hata siku moja."

Melkizedeki aliivuta bahasha karibu. Alijaribu kupima maneno ya Esta kama anavyopima mwanga, na hakuwa na cha kupimia. Huenda ilikuwa kweli. Huenda aliyatunga maneno hayo palepale, kiazi mkononi. Mke wake hakuwa mwongo. Lakini alikuwa amemshika mkono bondeni na kumwambia kuna siafu.

"Ningeweza kuutia mkanda motoni," alisema. "Ningewaambia umekufa."

"Utawaambia hivyo?"

"Haujafa."

"Basi peleka." Esta alirudia viazi vyake. "Peleka zote. Habibu ni mtu wa Kwakoa, anajua ng'ombe."

*

Bwana Habibu alizipokea picha kwa mikono miwili.

"Hizi ndizo picha!" alisema. "Tazameni. Jani linaonekana, maji yanaonekana, mlango huu hapa na masale haya hapa. Hivi ndivyo tulivyokuwa tunafanya kazi zamani, si huu upuuzi wa kubonyeza-bonyeza." Aliuinua mkanda dirishani, akaupitisha wote polepole, akaridhika. "Mzee Melkizedeki, ulipiga wewe?"

"Nilipiga mimi."

"Mkanda umekatwa, umeguswa, umefanywa chochote?"

"Haukuguswa."

"Umesikia, Mama Blessing?"

Picha zilizunguka mezani. Mama Yudith, mjumbe, aliishika ya mashina kwa muda mrefu kuliko wenzake. Alizaliwa umbali wa kuitana kutoka bondeni. Alichanja kuni kule. Kidole chake kilifuata shina la kwanza, kikaenda la pili, kikasimama juu ya la tatu. Akanyanyua macho, akakutana na ya Esta, aliyesimama naye sauti ya pili kila Jumapili. Akaipeleka picha kwa jirani yake, na huyo, shemeji wa Asteria, mtu mwenye kesi yake ya maji iliyomngoja Bwana Habibu wiki ijayo, aliipitisha haraka bila kuikalisha mkononi.

Asteria alizipokea za mwisho. Hakuhitaji kioo.

"Haya masale yanaangalia wapi?" aliuliza.

"Yanaangalia wapi tena?" alisema Bwana Habibu. "Mama, mmea hauangalii. Kwetu Kwakoa mpaka ni mnyaa, na sijawahi kuona mnyaa unaangalia mtu."

Watu walicheka, waliojua na wasiojua.

"Utando, Mwenyekiti. Manyoya. Mtoto wa hapa wa darasa la kwanza anajua. Muulize Mama Yudith."

"Mimi macho yangu si mazuri kwenye picha," alisema Mama Yudith.

Asteria aligeuka. Hakupandisha sauti. "Baba Loth. Wewe ndiye fundi. Waambie picha yako inasema nini."

Melkizedeki alisimama, kofia mkononi. Alijua maneno, yalikuwa machache na mepesi. Alijua pia kwamba baada yake Esta angerudi kuomba maji mpaka afe, na kwamba huenda mlango ule ulikuwa wake tangu mwanzo, na huenda haukuwa. Kwa jambo hilo hakuwa na picha.

"Picha ni hiyo," alisema. "Kila kitu kimo. Mwenye macho aangalie."

"Umejibu vizuri," alisema Bwana Habibu. "Basi mimi nimeangalia. Mlango wa maji ni wa Mama Loth. Asiyeridhika, ngazi ya juu iko Same, atafute wakili."

Asteria hakuwa na pesa ya wakili, na kila aliyekuwamo alijua. Alizirudisha picha mezani, akazilinganisha kingo zake vizuri.

"Umezitoa vizuri," alimwambia Melkizedeki. "Hakuna kilichofichika."

*

Asteria alikuja kabla ya mvua za vuli, mchana, na furushi la kitenge. Safari hii aliingia uani mpaka kwenye kibaraza, akalifungua juu ya benchi mbele ya Melkizedeki, akatoa moja moja: picha ya ndoa yake, amesimama wima kama mlingoti na Vitus pembeni, kipaimara cha Blessing, wafiwa wamezunguka jeneza. Ya mwisho ilikuwa kwenye fremu ya kioo, ile iliyobebwa mbele ya jeneza na kuning'inia sebuleni tangu siku ile: Vitus peke yake, jembe begani.

"Shika kazi yako," alisema.

"Mama Blessing, hizo ulizilipia."

"Nililipia. Nilikuwa naziangalia nikisema hivi ndivyo ilivyokuwa. Sasa kila nikiziangalia zinaniuliza kama ndivyo. Sitaki mtu wa kuniuliza nyumbani kwangu."

"Ya Vitus bakiza. Watoto watamwona wapi?"

"Watoto wana simu," alisema Asteria. Alikunja kitenge chake, akajifunga kiunoni, akashuka.

Esta alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Alitoka, akazitazama picha bila kuzigusa. Kisha akainama juu ya fremu.

"Huyu kasimama bondeni," alisema, na sauti yake ilibadilika. "Si bondeni hapa? Ni siku ile. Ile mliyokunywa chai mkashuka pamoja. Chukua kioo chako. Nyuma yake kunaonekana nini?"

Melkizedeki aliingia ndani, akarudi na kioo cha kukuzia alichopewa na Salimu. Aliitoa picha kwenye fremu, akaisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa kazi nzuri. Alikuwa amemlenga mtu usoni, kama ipasavyo, akangoja taa ya kijani. Kila mvi ya ndevu za Vitus ilihesabika, na nyuzi zilizochanika kwenye ukosi wa shati, na ufa wa mpini wa jembe. Alitoka usoni akaenda begani, akatoka begani akaenda pembeni, akapita picha nzima mpaka ukingoni, na akarudi.

"Kunaonekana nini?" Esta alirudia.

"Ukungu."

Esta alijiinua. Halafu alichukua jembe lililoegemea ukutani, akateremka bondeni kufungulia maji.